Juu ya nini mulimunawisha baba? Rangi za picha ya zamani na za afishi yetu

Mwaka uliopita chama chetu kilitaka kutengeneza afishi moja tu, kwa ajili ya siku ya utamaduni tunayoipanga kila mwisho wa kiangazi. Tulidhani ni kazi ya juma moja. Ilitushika miezi mitatu, ikatugombanisha, ikatula pesa ambazo hatukuwa nazo, na ikatufundisha jambo ambalo tunataka kuliandika hapa kabla hatujalisahau.

Mambo yote yalianza na foto. Kuna mama mmoja wa jamaa yetu, anakaribia miaka 85, ambaye sisi wote tunamwita Nkambo tu. Ndani ya valizi yake anatunza foto ya baba yake. Ni foto nyeusi na nyeupe, kubwa kama kiganja, pembe zake zimekatika, na kwa nyuma kalamu imeandika 1949. Mzee ameketi mbele ya nyumba ya nyasi, kule upande wa Malemba-Nkulu, kifua wazi, kitambaa kiunoni, shanga kichwani. Kuzunguka macho yake kuna weupe. Kwenye paji la uso na ku mikono yote miwili kuna mabaka meusi, kama mtu aliyetoka kushika makaa.

Tukasema: hii foto njo itakuwa uso wa afishi. Lakini mmoja wetu akauliza, nani leo atasimama barabarani Katuba au Kamalondo kuangalia mzee wa kijivu? Afishi za bia, za simu, za makanisa, zote zinawaka kama moto. Basi tumpake rangi. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi ya studio mjini akajitolea. Baada ya siku mbili alituletea mzee mwenye rangi zote, na kusema kweli tulipiga makofi. Ngozi kahawia, kitambaa buluu, miti kijani, udongo mwekundu wa Katanga. Mabaka meusi aliyaondoa, kwa kuwa alidhani ni unyevu ulioingia katika karatasi. Weupe wa macho aliupunguza, kwa kuwa alidhani jua liliunguza filamu. Kazi safi kabisa. Tukaenda kwa Nkambo na furaha, sawa watu wanaopeleka mahari.

Aliiangalia muda mrefu, ameisogeza karibu na mlango ili apate mwanga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

«Bana bangu, juu ya nini mulimunawisha baba?»

Hatukuelewa. Akaweka kidole juu ya paji la uso, pale mabaka yalipokuwa.

«Hapa. Na hapa ku mikono. Ile haikukuwaka buchafu. Ilikuwaka nkula. Niliitwanga miye mweneye, nilikuwa kamutoto. Na mpemba ya macho, mulitosha pia.»

Mmoja wetu, mwalimu, akajaribu kumjibu kwa heshima: «Lakini Nkambo, nkula ni nyekundu. Ku foto ni nyeusi.»

«Miye sijue mambo ya foto yenu. Najua mambo ya mukono yangu.»

Turudi nyuma kidogo kwa wale ambao hawajaona vitu hivi kwa macho. Mpemba ni udongo mweupe unaochimbwa kwenye mito na mabonde. Nkula ni unga mwekundu unaotoka katika mti wa mukula, unasagwa juu ya jiwe, unachanganywa na maji au na mafuta ya ngazi. Kwa Waluba mpemba ni rangi ya upande wa wale waliotutangulia, na bilumbu anapotaka kuona yale ambayo sisi hatuyaoni anajipaka mpemba. Mtu aliyepakwa mpemba na nkula hakujipamba tu kwa uzuri. Alikuwa anasema jambo, na watu wa kijiji walilisoma. Sisi tukachukua ordinatere, tukafuta maneno yake, halafu tukampa kitambaa cha buluu ambacho hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa nacho.

Nani alichagua buluu ile? Tulimwuliza kijana, naye hakutudanganya. Alisema si yeye aliyechagua, ni programu. Siku hizi unatia picha ya zamani katika programu, unangoja nusu dakika, inakurudishia rangi. Mashini imejifunza kwa kuangalia mamilioni ya picha za rangi, na nyingi kati ya hizo hazikupigwa Malemba-Nkulu. Ikiona majani inajua ni kijani, ikiona mbingu inajua ni buluu. Ikifika ku kitambaa haijui chochote, basi inabahatisha. Mara nyingi inachukua wastani wa yote iliyoyaona, na ukichanganya rangi zote kwa wastani unapata kahawia iliyochoka. Ndiyo sababu picha nyingi zilizopakwa na mashini zinafanana, utasema wazee wote wa dunia waliishi ndani ya chai ya maziwa.

Lakini swali la Nkambo lilikuwa jingine. Kwa nini wekundu ulikuwa mweusi? Hapo kijana wa studio alituokoa, maana shule aliisoma vizuri. Foto isiyo na rangi haitunzi rangi, inatunza tu kiasi cha mwanga. Na filamu za zamani zilikuwa na macho yao wenyewe. Zile za kwanza kabisa ziliona paka buluu na zambarau. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukitia dawa fulani za rangi katika filamu, inaanza kuona na kijani. Filamu za namna ile ziliuzwa miaka mingi sana. Verichrome ya Kodak, kwa mfano, iliyokuwa filamu ya watu wa kawaida tangu 1931, ilikuwa haioni wekundu mpaka ilipobadilishwa mwaka 1956. Kwa filamu kama ile kitu chekundu hakipeleki mwanga wowote, ni sawa na usiku. Midomo inakuwa myeusi. Damu inakuwa nyeusi. Nkula inakuwa makaa.

Tulitaka kuona wenyewe, na hapa njo kazi ilianza kutufurahisha. Tuliomba kipande cha mukula kwa fundi mmoja wa mbao. Alicheka, alisema siku hizi kupata mukula ni kama kuomba dhahabu. Ni kweli: kwa miaka mingi tuliona malori yakiubeba mti huu kupitia Kasumbalesa, magogo mekundu ndani kama nyama, ukienda hadi China kuwa viti na vitanda vya matajiri. Mwaka 2019 mti huo uliingizwa katika orodha ya kimataifa ya CITES, ile ya vitu ambavyo biashara yake inapaswa kuchungwa. Wakati ule sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kwenda. Mti uliowapa babu zetu rangi nyekundu, leo sisi tunautafuta kipande kwa kipande kwa fundi. Tunaliandika hili kwa haraka kwa sababu linatuuma, na si somo la leo.

Nkambo alikaa chini kwenye mkeka, akaomba jiwe, akasaga. Hakukubali mtu amsaidie. Akatia maji kidogo, akasema hapana, akaomba mafuta ya ngazi. Kisha akamvuta mkono mjukuu wake mmoja na kumpaka, polepole, kutoka kiwiko kushuka. Sisi wote tulinyamaza. Kijana akapiga foto kwa simu, saa sita za mchana, nje kwenye kivuli cha ukuta, karatasi nyeupe pembeni ya mkono. Karatasi ile si mapambo. Mwanga wa jioni ni wa machungwa, na mwanga wa kivuli una buluu ya mbingu, macho yetu yanasahihisha bila sisi kujua lakini simu inakosea. Ukiwa na kitu cheupe ndani ya picha, unaiambia ordinatere: hiki ni cheupe, panga vingine vyote kufuatana nacho.

Halafu akafanya jambo dogo. Katika ordinatere kila picha ni tabaka tatu zilizolaliana, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Alizima tabaka ya nyekundu na kugeuza zilizobaki kuwa kijivu, ili kuona kama ile filamu ya zamani ilivyoona. Mkono wa mjukuu ukabaki kijivu. Nkula ikawa nyeusi tititi. Mabaka yale yale! Tukaweka foto ya 1949 pembeni ya skrini, na mwalimu wetu, ambaye alikuwa amebishana na Nkambo, akatoa miwani, akaipangusa, hakusema kitu.

Mmoja katika kamati alileta wasiwasi ambao si wa kudharau. Alisema Nkambo ana ugonjwa wa macho, kioo cha jicho kimeanza kufunikwa na ukungu, na tunajua kwamba ukungu ule unaifanya dunia iwe ya manjano na kahawia. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alipatwa na ugonjwa huo huo, picha zake zikawa za moto na kahawia mpaka alipopasuliwa jicho mwaka 1923. Je, tutamwamini mtu anayeangalia kupitia chai? Tukajibu kwamba hatukumwuliza rangi. Tulimwuliza kitu: mti gani, mafuta gani, mkono uliopakwa mpaka wapi. Rangi tuliitoa katika mti wenyewe.

Kwa kitambaa cha kiunoni tulimwuliza hivyo hivyo, akasema hakumbuki. Basi hatukukipaka kitu. Wengine walinung'unika, lakini tulishikilia.

Hapa tunataka kuongea kidogo juu ya lugha, kwa sababu wengi wetu tulipofundishwa rangi shuleni tulifundishwa kana kwamba elimu yote ya rangi ilikuja ndani ya sanduku la penseli kutoka Ulaya. Angalia Kiswahili chetu wenyewe. Rangi tatu tu zinabadilika pamoja na jina: mtu mweupe, kitu cheupe, nyumba nyeupe, mtu mweusi, kitu cheusi, udongo mwekundu, nguo nyekundu. Nyingine zote ni vitu vilivyoazimwa. Kijani ni majani. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, machungwa ni machungwa. Mwingereza Victor Turner aliishi kwa Wandembu wa Zambia, ndugu za Walunda wetu, katika miaka ya 1950, na mwaka 1966 alieleza kwamba kwao pia rangi kubwa ni tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi: maziwa, damu, makaa. Kitambaa cha buluu waliita cheusi, na kitu cha manjano walikiweka pamoja na vyekundu. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Berlin na Kay, walilinganisha lugha 98 na kuona kwamba lugha yenye majina machache ya rangi huanza na hizo hizo: nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu.

Isidhaniwe kwamba babu zetu hawakuona buluu. Waliiona kila asubuhi juu ya vichwa vyao. Lakini walipotaka rangi iseme, walichagua tatu zinazosikika mbali. Mtu yeyote aliyewahi kutengeneza afishi anajua kwamba hiyo si ujinga.

Sasa afishi yenyewe. Mpango wa kwanza wa kijana ulikuwa na buluu na manjano. Alikuwa na sababu. Katika mwanga, buluu na manjano zinapingana, ukizichanganya ku skrini unapata nyeupe, na rangi zinazopingana zikikaa jirani kila moja inamwinua mwenzake. Aliweka herufi za manjano juu ya buluu, nzuri kabisa, zinasomeka hadi ng'ambo ya barabara. Tulipoifungua mezani, nusu ya kamati ilipiga kelele: «Hii ni afishi ya Lupopo!» Wasomaji wasio wa Lubumbashi watusamehe. Buluu na manjano hapa kwetu ni Lupopo, kama vile nyeusi na nyeupe ni Mazembe, na mtu wa Mazembe hataingia katika ukumbi ulioandikwa kwa rangi zile hata ukimpa bia ya bure. Katika vitabu vya nadharia ya rangi jambo hili halimo, lakini sisi tunasema ni sehemu ya nadharia.

Mpango wa pili: herufi nyekundu juu ya kijani, na ukingo mweupe. Nyekundu na kijani, kwenye gurudumu la wachoraji, zinatazamana uso kwa uso, kwa hiyo kijana alingoja moto. Alipata moto kweli, herufi zilitetemeka mpaka macho yaliuma. Na mzee mmoja wa chama, ambaye mwaka 1960 alikuwa tayari kijana, aliuliza polepole kama tunataka kumrudisha katika mambo ya wakati ule, maana nyekundu, nyeupe na kijani zilikuwa rangi za bendera ya Katanga ya Tshombe, pamoja na misalaba yake mitatu ya shaba. Tungebishana usiku kucha kama si katibu wetu, mtu wa kubana pesa, aliyekwisha kupeleka mpango ule kwenye fotokopi ili kila mmoja apate nakala ya bei rahisi. Nakala ilipotoka, herufi hazikuwamo! Kijivu juu ya kijivu. Wekundu ule na kijani kile vilikuwa na mwanga uleule, tofauti yao ilikuwa ya rangi tu, na mashini isiyoona rangi haikuona kitu.

Tangu siku ile tumeweka sheria, na tunaipendekeza kwa kila chama kinachotengeneza afishi: kabla ya kulipa imprimeri, piga fotokopi nyeusi na nyeupe. Kile kinachosomeka pale kitasomeka ukutani, jioni, katika vumbi, na mtu aliye ndani ya taxi. Kisichosomeka pale, hata ukiwe na rangi za peponi, umepoteza pesa.

Basi tukarudi kwenye rangi tatu za zamani. Hapo pia tulimkumbuka Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1978. Katika kazi yake aliyoiita Mémoire, ya mwaka 2006, alichukua foto za kale za wafanyakazi wa Union Minière, nyeusi na nyeupe, akawasimamisha mbele ya viwanda vilivyobomoka ambavyo alivipiga kwa rangi. Hakuwapaka rangi wale wafanyakazi. Aliwaacha kijivu, na kijivu chao ndicho kinachokushika. Tukasema: na sisi tumwache mzee katika kijivu chake, turudishe nkula tu, yenye rangi tuliyoitoa mkononi mwa mjukuu.

Ilionekana rahisi. Kijana aliweka nkula, na mzee akaonekana mgonjwa. Ngozi yake ya kijivu ilikuwa imegeuka kijani-kijani, kama mtu mwenye malaria. Tulimlaumu kijana kwamba ameharibu, naye akapima mbele yetu: kijivu kilikuwa kilekile, hakikuguswa hata nukta moja.

Jambo hili lilikwisha kuelezwa zamani na Mfaransa mmoja, mtu wa kemia, Michel-Eugène Chevreul. Tangu 1824 alisimamia kazi ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda ni hafifu. Akazipima, akaona ni nzuri. Kasoro haikuwa ndani ya uzi, ilikuwa kwa jirani yake: nyeusi ikifumwa pembeni ya buluu au zambarau inapoteza nguvu. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya hayo. Kila rangi inampaka jirani yake kivuli cha mpinzani wake. Nyekundu inamtupia kijivu ukijani. Mama zetu wanaochagua kikwembe sokoni wanalijua bila Chevreul, utamwona mama anachukua kitambaa cha kichwa, anakilaza juu ya kikwembe, anarudi hatua mbili, anakunja uso, anakirudisha. Hakuna anayemwambia mwuzaji kwamba kitambaa ni kibaya. Anasema: «Hazipatane.»

Dawa yake ilikuwa kutia joto kidogo katika kijivu, tone la nyekundu na la manjano, kiasi ambacho mtu hawezi kusema ameona rangi. Ngozi ikapona. Tunasema pia kwamba ngozi nyeusi si kazi ya rangi moja. Mng'ao wa paji la uso unapokea mbingu, una buluu kidogo. Kivuli cha shingo kina wekundu. Mashini ile ya kwanza ilikuwa imempaka mzee rangi ya tofali mwili mzima. Wala si mashini za leo tu. Kodak kwa miaka mingi ilipanga rangi zake kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, wapiga picha waliiita Shirley, na malalamiko ya watengeneza chokoleti na ya wauza samani za mbao yalisaidia kuifanya filamu ijifunze kuona kahawia. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu. Tucheke au tulie?

Nkambo aliletewa jaribio la pili. Aliangalia, akasema nkula inatosha. «Lakini mpemba ni kidogo. Ilikuwaka nyeupe, nyeupe ya kuogopesha.» Hapo tulikwama kweli, kwa sababu ku karatasi hakuna weupe zaidi ya karatasi yenyewe. Skrini inatoa mwanga, ukitaka nyeupe unawasha taa zote tatu. Karatasi haina taa. Wino unaondoa mwanga tu, hauongezi. Macho ya mzee yalikuwa tayari karatasi tupu, bila wino hata tone. Kijana akakaa kimya, kisha akaanza kupunguza mwanga wa vingine vyote: ukuta wa nyumba, miti, hata kifua cha mzee kidogo. Hakugusa mpemba. Kadiri nyuma ilivyozama, macho yalitoka mbele.

«Ehe,» Nkambo akasema. «Sasa macho yake inafunguka.»

Kuhusu imprimeri hatutaandika mengi, hasira bado ipo. Waliochapa hawakungoja karatasi yetu ya mfano, wakatoa nakala mia za kwanza ambamo nkula ni zambarau. Tulizikataa, wakachapa tena, nusu ya gharama ikabaki kwetu. Anayetaka kuelewa kwa nini rangi za skrini hazishuki zote ku karatasi, achukue kioo cha kukuza, aangalie afishi yoyote karibu sana: ataona vinukta tu, vya siani, majenta, manjano na nyeusi, jicho njo linavichanganya. Na sisi watu wa Lubumbashi tusistaajabu mno. Wachoraji wa Hangar, ile shule ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946, walifanya kazi kwa namna hiyo: Pilipili Mulongoy alijaza nyuma ya ndege na samaki zake kwa nukta ndogo-ndogo, Mwenze Kibwanga alijenga watu wake kwa mistari mifupi iliyobanana, Bela alipiga kwa ncha za vidole. Ukisimama mbali, mkono mmoja mkubwa unaonekana umepaka yote. Ukikaribia, ni maelfu ya vidole.

Afishi ilibandikwa mwezi wa nane. Mzee wa kijivu, nkula paji la uso na mikononi, mpemba machoni, herufi nyeupe juu ya nyeusi. Watu walisimama. Mama mmoja wa makamo sokoni alituuliza kama ni mambo ya uchawi, tukakaa naye nusu saa, mwishoni alisema nyanya yake pia alikuwa na jiwe la kusagia nkula, na yeye alikuwa analitumia kwa kuzuia mlango.

Leo, tunapoandika, imebaki moja tu, ku ukuta wa shule unaotazama magharibi. Jua limeila. Majenta na manjano ndizo zinazokufa mapema, na wekundu umetengenezwa kwa hizo mbili, nyeusi inabaki. Paji la uso la mzee sasa lina doa hafifu, si nyekundu si nyeusi, mtu asiyejua atasema ni unyevu ulioingia katika karatasi.

Foto ya 1949 imerudi katika valizi. Kabla ya kuirudisha tulimwomba Nkambo ruhusa, na kwa nyuma, chini ya ile tarehe, mwalimu ameandika kwa penseli: paji la uso na mikono, nkula ya mukula na mafuta ya ngazi, macho, mpemba, kitambaa, haikumbukwi. Nkambo alitaka asomewe mara mbili. Kisha akasema tuongeze na jina la aliyeisaga.

Tuliliongeza.